Ukichapwa, Unatoka

Goti la kulia ndilo lililonistaafisha. Si umri, kama Boss alivyosema kwenye hotuba yake ndefu, wala si macho, kama Kiprop anavyowaambia wateja. Ngazi za kupanda kazini kwetu ni zilezile za tangu jengo likiwa la kuuza cherehani, na mwaka huu goti limekataa kabisa kuelewana nazo. Faith ameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimemwambia sijasahau kitu, ila nitaandika, maana nikikaa hapa Lanet mikono mitupu nitaanza kuwashauri majirani kuhusu kuku wao, na bado nataka kuishi nao vizuri.

Kwa hiyo haya ni yenu, Faith na Kiprop, mlioachiwa ufunguo wa ukumbi wa gemu. Mshahara sitautaja, kwa sababu mnaujua na hauchekeshi. Vyeo pia sina vya kusimulia. Niliingia nikaitwa Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, nimetoka nikiitwa Mathe, na katikati hapo vijana wengi wa mji huu wamekua wakinipigia kelele niwabadilishie pedi za kuchezea.

Nilitoka Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Nilikuwa nakata waridi mpaka kifua kikawa kinakohoa kila nikinusa dawa, na daktari akaniambia nichague, maua au mapafu. Binamu yangu akanipigia simu kwamba kuna Mhindi mmoja Nakuru, mwenye duka la vifaa vya stima karibu na soko, anatafuta mwanamke asiyeogopa kelele. Nilidhani ni kazi ya kiwanda. Nilipanda ngazi nikiwa nimevaa gambuti.

Juu nilikuta chumba kirefu chenye mapazia mazito, kapeti ya kijani, na TV zile za zamani zenye mgongo zimepangwa ukutani. Mbele ya kila TV kulikuwa na benchi, na kwenye kila benchi vijana wawili walikuwa wameshika pedi za kuchezea huku wengine wamesimama nyuma yao wakingoja zamu na kupiga makelele kama wako kwenye mkutano wa kampeni. Mlangoni aliketi mwanamke mzee wa Kisingasinga, skafu nyeupe kichwani, akifuma sweta. Huyo ndiye Biji, mamake Boss. Wajukuu wake walimwita hivyo, nasi tukalichukua jina. Alizaliwa Nakuru na alizungumza Kikuyu vizuri kuliko baadhi ya shangazi zangu.

Alinitazama gambuti kwanza, kisha uso. "Uko na watoto?"

"Wawili."

"Wanakuogopa?"

"Wananiheshimu, mama."

"Sijauliza hiyo. Nimeuliza wanakuogopa?"

"Mmoja."

"Huyo anatosha. Toa hiyo viatu, hii kapeti si shamba. Ingia."

Ndiyo mahojiano yangu yote ya kazi. Nasikia siku hizi mtu anaulizwa anajiona wapi baada ya miaka kadhaa. Mimi wiki ile nilijiona nikitafuta mahali pa kuficha soksi zangu, maana moja ilikuwa na tundu.

Biji ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake kubwa lilikuwa moja tu: "Usiangalie TV. Angalia mikono." Alisema TV haijawahi kuvunja pedi, mikono ndiyo huvunja. Kijana akianza kufinya pedi mpaka kidole gumba kikawa cheupe, huyo yuko karibu kuitupa, msogelee umuulize habari za mamake. Akifuta viganja kwenye suruali, ameshaogopa na atapoteza, mwambie anayefuata ajitayarishe. Anayecheza kwa mkono mmoja, ule mwingine uko kwenye chipsi mahali, na mafuta ya chipsi ni adui mkubwa kuliko maji. Nilijifunza kutembea nyuma ya mabenchi nikiwa nimeinamisha macho, na vijana walidhani ni upole.

Vifaa vyangu mnavijua, viko kwenye ule mkebe wa biskuti: mswaki laini, spiriti, pamba, bisibisi ndogo na vipande vya tyubu ya baiskeli. Pedi ikianza kumpeleka mchezaji kushoto bila kuguswa, mteja atakwambia imerogwa. Haijarogwa. Ni vumbi jeupe la Nakuru, lile linaloingia hata ndani ya yai. Fungua, piga mswaki, weka tone la spiriti, funga. Lakini usimwambie mteja ni rahisi hivyo. Vaa uso wa daktari wa upasuaji.

Stima ikipotea katikati ya mechi, aliyekuwa akiongoza husema ameshinda na mwenzake husema alikuwa karibu kusawazisha. Nilipotea sana kwenye kesi hizo mpaka Biji akanipa hukumu ninayowaachia nyinyi pia. "Wote mmechapwa," alikuwa akiwaambia bila kuacha kufuma. "Mmechapwa na watu wa stima. Tokeni wote wawili." Sijawahi kuona rufaa ikikatwa.

Sasa hapo kwenye kutoka. Mnaujua ule ukuta wa ndani, maandishi mekundu yenye kivuli cha manjano, yaliyoandikwa na fundi wa kupamba malori: UKICHAPWA, UNATOKA. Hiyo ilikuwa sheria ya Biji na ndiyo iliyoendesha ukumbi. Wawili wanacheza, aliyeshindwa anaweka pedi chini, anasimama, anayengoja anaketi. Hakuna mjadala, hakuna "nipe moja ya mwisho". Mimi nimemtoa pasta akiwa na kola yake. Nimemtoa askari akiwa na sare na bunduki, na akasema asante. Vijana walikuwa wameizoea sheria hiyo hivi kwamba mtu akifungwa bao la mwisho mikono yake inaweka pedi chini kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Basi ikaja ile kesi ngumu.

Ilianza na Boss, yaani Jaswant, kupanda ngazi siku moja akiwa na CD mpya kutoka Nairobi na tabasamu la mtu aliyeokoa biashara. Kwenye jalada kulikuwa na watoto wawili wa katuni waliovaa majoho. Ilikuwa gemu iliyotengenezwa kutokana na filamu ya katuni, mambo ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ile filamu ambayo wajukuu wa Biji walikuwa wameiangalia mpaka wakaanza kuruka kutoka kwenye makochi.

"Hii ni ya familia, Rahab," aliniambia. "Hakuna damu, hakuna bunduki. Wazazi wataipenda."

Alikuwa na sababu. Manung'uniko yalikuwa yameanza sokoni kwamba ukumbi wetu unafunza watoto kupigana na kutoroka shule. Kutoroka shule kulikuwa kweli. Nilifukuza waliovaa yunifomu, lakini kijana anayetaka gemu huvua sweta la shule haraka kuliko nyoka anavyovua ngozi.

Jina la Kiingereza la gemu ile lilikuwa refu, kwa hiyo tuliiita Gemu ya Ndugu. Mchezaji mmoja anakuwa kaka mwenye joho jekundu, anayeruka angani. Wa pili anakuwa dada mwenye kamba ya mwanga, anayevuta na kushika vitu. Wanafukuza jitu linalokula taa za barabarani, na kila likila taa, mtaa mzima unaingia giza. Vijana walisema jitu hilo linakaa hapa Nakuru na wanalijua mpaka ofisi. Kuna madaraja ya kuvuka juu ya mji, na jitu likikupiga huumii. Unaketi chini, nyota zinazunguka kichwani, na unainua mkono juu.

Hapo ndipo tulipokwama. Daraja la kwanza walivuka wote. Daraja la pili hakuvuka hata mmoja. Jitu lingempiga mmoja, angeketi na nyota zake na mkono wake juu, na mteja wangu aliyekuwa akimchezesha angeweka pedi chini na kuondoka kwenye benchi, kama ukuta unavyosema. Anayefuata angeketi, gemu ingeanzishwa upya, na ngoma ni ileile. Wajanja zaidi walikuwa wakimsukuma mwenzao makusudi aangukie mikononi mwa jitu, ili wao wabaki benchini.

"Na huo mkono anainua ni wa nini?" niliuliza siku moja.

"Amesurrender, Mathe," mmoja akanijibu kwa uhakika. "Anasema amekubali kushindwa."

Maelezo yalikuwepo mwanzoni kabisa, kwa Kiingereza cha haraka, lakini tangu lini kijana akasikiliza maelezo wakati kuna kitufe cha kuyaruka? Wiki zikapita. Wengine wakasema CD ni feki. Wengine wakasema watu wa kanisa wameikata mwisho wake. Boss akaenda Nairobi kugombana na muuzaji, akarudi na CD nyingine, nayo ikawa na ugonjwa uleule. Mimi nami nilisema wazi kwamba gemu ile haina mwisho, nikaiweka kwenye TV ya dirishani ambako jua hupenya pembeni mwa pazia na hakuna anayetaka kuketi.

Jumatano moja asubuhi nikasikia ngazi zinapandwa na miguu mingi iliyokasirika. Mbele alikuwa Mama Chero, muuza viazi, mwenye sauti inayofika stendi bila kipaza sauti. Viazi vyake vilikuja kwa lori kutoka Keringet na yeye mwenyewe alikuwa wa huko. Nyuma yake walikuwa akina mama wa soko, na nyuma ya akina mama, akihema, naibu wa chifu.

"Mathe wa gemu ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikaribii. Vijana wangu wawili nimewatafuta shule hawako, nimewatafuta nyumbani hawako. Si ni hapa wako?"

Walikuwa hapo. Walikuwa chini ya benchi la tatu, wakijaribu kufanana na kapeti. Aliwavuta kwa masikio, mmoja kila upande, na mkubwa alikuwa tayari amemzidi urefu, kwa hiyo ilibidi ainame ili avutwe vizuri.

Naibu wa chifu alinivuta kando. "Mimi sina shida na nyinyi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hawa mama wananimaliza. Jumamosi nitarudi nao. Mkinionyesha kitu cha maana hapa, sawa. Msiponionyesha, nafunga, na sitafungua tena."

Walipoondoka nilienda nyuma ya pazia nikalia. Nawaambia bila aibu. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja amefika kidato cha pili na mwingine anakula kama watatu. Kwenye maua nisingeweza kurudi, kifua kisingekubali, na kazi nyingine iliyotaka mwanamke wa kuangalia mikono ya watu sikuijua. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Biji alinikuta pale, akanipa ncha ya sweta alilokuwa akifuma nifutie macho, halafu akalalamika kwamba nimelilowesha.

Boss akaamua kwamba Jumamosi tutawaonyesha Gemu ya Ndugu.

"Haina mwisho, Boss," nikamkumbusha.

"Basi waonyeshe mwanzo."

Jumamosi tulifungua mapazia, jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu niingie, na mwanga ukatuonyesha vitu kwenye ile kapeti ambavyo sitaviandika hapa. Vijana walichana nywele. Wawili waliokuwa bora kuliko wote tuliwaketisha kwenye TV ya dirishani. Mama Chero alisimama mikono kiunoni, akina mama wakajipanga nyuma yake, naibu wa chifu akapewa kiti na soda.

Daraja la kwanza walivuka vizuri, wakiruka na kuvutana kwa ile kamba, na nikaona mama mmoja anatabasamu kabla hajakumbuka alikuja kufanya nini. Daraja la pili, jitu likampiga dada. Akaketi. Nyota, mkono juu. Na kijana wangu aliyekuwa akimchezesha, kwa heshima zote, akaweka pedi chini, akasimama, akanyoosha shati na kusema, "Next."

"Huyu ameenda wapi?" naibu wa chifu akauliza.

"Amechapwa, mkubwa. Anatoka."

"Na huyo msichana kwa TV? Ameinua mkono, anataka nini?"

Mama Chero akasoma ukuta polepole, neno kwa neno, halafu akageuka.

"Kwa hivyo mnafundisha watoto hivi. Mwenzako akianguka, unamwacha hapo barabarani unaita mwingine. Chifu, mimi nimeona. Funga."

Naibu wa chifu akachukua kofia yake gotini. Nilimtazama Boss, naye alikuwa akitazama soda ya naibu wa chifu kana kwamba msaada ungetoka humo.

Ndipo Biji akaweka sindano zake chini. Sijawahi kumwona akiziweka chini kabla ya saa ya kufunga. Akatembea mpaka benchini, akaketi, akachukua pedi ya dada.

"Nani anacheza na mimi?"

Vijana wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemchapa Biji. Biji akazunguka na kunyoosha kidole.

"Wewe. Keti."

"Mimi?" Mama Chero akashika kifua. "Mimi nimekuja kufunga hii nyumba!"

"Utafunga ukimaliza. Toa viatu."

Sijui ni nini kilichomfanya atii. Nadhani ni lile neno viatu. Mwanamke aliyelelewa vizuri huwezi kumwambia avue viatu kwenye nyumba ya mwenye mvi halafu akatae. Aliketi, akashika pedi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani, na mchezo ukaanza.

Walicheza vibaya sana. Nimeona wachezaji wengi wabaya lakini hao wawili walikuwa na kipaji cha ubaya. Kaka aliruka akagonga ukuta, akarudi, akaugonga tena. Dada alivuta nguzo ya taa badala ya daraja. Mama Chero alikuwa akiinuka na kuinama na pedi yake, akimwambia yule shujaa wa katuni, "Ruka! Ruka basi, wewe kijana, kwani umekula nini?" Akina mama walianza kucheka. Walivuka daraja la kwanza kwa bahati tu, wakiwa wameangalia upande usiofaa.

Kwenye daraja la pili jitu likampiga Biji. Dada akaketi chini, nyota zikazunguka, mkono ukapanda. Na ukumbi wote, kwa sauti moja, kwa mazoea tu, ukapaza: "Biji, umechapwa! Toka!"

Biji alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa yake. Nilimwona akianza kuishusha pedi.

"Aende wapi?" Mama Chero alifoka, na TV ikatetemeka. "Mzee ameanguka, nyinyi mnamwambia atoke? Ndiyo mnafanyanga kwenu? Keti hapo, mama. Usisonge. Nakuja."

Akamgeuza kaka kutoka mbele ya jitu, akamrudisha nyuma, akigonga kila kitu njiani, mpaka akasimama kando ya dada. Halafu, kwa kuwa hakujua kitufe gani ni cha nini, akavifinya vyote kwa pamoja na kuvishikilia. Duara dogo la mwanga likaanza kuzunguka kwenye ule mkono ulioinuliwa. Likajaa. Kaka akaushika mkono, dada akasimama, na muziki ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia humo ndani ukaanza kupigwa. Kamba ya mwanga ikatoka kwa wote wawili na kulishona daraja pale lilipokuwa limekatika katikati.

Ukumbi ulinyamaza. Nyinyi hamjawahi kuusikia ukumbi ule ukiwa kimya na stima ikiwa inawaka, kwa hiyo hamwezi kuelewa. Kisha kijana mmoja akasema polepole, kwa uchungu kabisa, "Kumbe CD iko sawa."

Baada ya hapo hakuna aliyesikia mwenzake. Vijana walikuwa wanashikana vichwa, Boss alikuwa anahesabu gharama ya safari yake ya bure ya Nairobi, na wateja wa duka la chini walipanda kuangalia nani amekufa. Mama Chero hakugeuka. Aliangushwa yeye, Biji akamwinua. Akaangushwa Biji, akamwinua. Naibu wa chifu aliweka kofia yake juu ya TV, akavuta kiti karibu na kuuliza kwa sauti ya kikazi, "Hiyo ya kuinua mtu ni batani gani?"

Biji aliinua macho akanitafuta. "Rahab, wiki zote hizi ulikuwa unaangalia nini?"

"Mikono, Biji. Vile ulinifundisha."

Akarudisha macho kwenye TV. "Basi siku zingine angalia TV."

Hatukufungwa. Mama Chero alitoa masharti yake akiwa bado ameshika pedi: watoto wa shule wasionekane siku za shule hata wakija wamevaa suti, na Jumamosi asubuhi iwe ya wazazi na watoto, Gemu ya Ndugu peke yake. Niliyasimamia masharti hayo kuliko nilivyosimamia kitu kingine chochote, kwa sababu aliyeyaweka alikuwa anakuja kukagua. Alikuja kila Jumamosi na vijana wake wawili. Sikumwona tena akiwavuta masikio, ila nilimsikia akiwaita wazembe kwenye daraja la nne. Mswaki wangu ulipata kazi mpya ya kutoa udongo wa Keringet kwenye vitufe, na huo, Kiprop, hautoki kwa spiriti peke yake. Tumia kijiti cha kiberiti kwanza.

Biji alimwita tena fundi wa malori. Chini ya maandishi mekundu akaongezewa mstari mdogo wa kijani, ule ambao wateja wapya huuliza maana yake: KWA NDUGU, UKIANGUKA NGOJA. Niliusimamia ukuta ule kwa sheria zote mbili. Kwenye gemu za mpira, nyekundu. Dirishani, kijani.

Mengine mnayajua, maana mliyakuta au mliyaona. TV zilipoteza migongo, pedi zikapoteza waya, na sasa hata CD hazipo, gemu inashuka kutoka hewani kama umande na Boss anasema ni maendeleo. Biji alitutoka wakati wa baridi. Nilimlilia kama mama yangu, na bado nikiona sindano za kufumia mahali macho yananisaliti. Mashine ya zamani ya dirishani, ile ya Gemu ya Ndugu, tuliiacha ilivyo. Boss alijaribu kuiuza mara moja, Mama Chero akapanda ngazi kumuuliza kama ni kweli, na Boss akasema alikuwa anaipangusa tu.

Nimeandika haya mengi ili nifike siku yangu ya mwisho, ambayo mlikuwepo lakini hamkuiona kutoka nilipokuwa nimeketi. Boss alihutubu. Tulikunywa soda, tukala chapati za Mama Chero, ambaye sasa na yeye ana mvi. Nilikuwa nimeshapanga mkebe wa biskuti, nimeshakuonyesha, Faith, ile pedi inayodanganya. Mkoba wangu ulikuwa miguuni. Ndipo ukaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mathe, kwani wewe umewahi kucheza?"

"Nicheze saa ngapi na nyinyi mnavunja vitu?"

"Haki ya Mungu, hujawahi?"

Ukanivuta hadi dirishani, ukanipa pedi ya dada, ukashika ya kaka. Nami niliyetengeneza vitu hivyo miaka yote nikagundua kwamba sijui vinashikwa vipi. Vidole gumba vyangu vilikuwa vyeupe. Niliviona, na nikataka kumsogelea huyo mwanamke nimuulize habari za mamake. Daraja la kwanza ulinivusha kwa kunivuta, tuseme ukweli. Daraja la pili, jitu likanipiga.

Sikufikiria. Mikono yangu iliweka pedi juu ya benchi. Nikachukua mkoba, nikasimama, goti likalia, na nikaanza kutafuta viatu vyangu mlangoni. Nilijua kwamba nikishavivaa nitashuka ngazi zile kwa mara ya mwisho.

"Mathe, unaenda wapi?"

"Si nimechapwa."

"Ai, Mathe! Wewe ndiye umesimamia huo ukuta. Hii ni Ndugu." Hukuniangalia hata, macho yako yalikuwa mbele. "Rudi uketi. Nakuja."

Nikarudi nikaketi na mkoba wangu mapajani. Mkono wa yule dada ulikuwa bado uko juu, na safari hii nilikuwa naangalia TV. Yule kaka mwenye joho jekundu alikuwa ameshageuka, ameacha jitu na taa zake zote, anarudi mbio daraja zima kunifuata.